Sloppy joe ya nyumbani: kazi yote iko kwenye maji

Sloppy joe huharibika kwa njia mbili. Ama mkate unalowana na kukatika mkononi kabla mlaji hajafika katikati, ama nyama inatoka kavu na ngumu kutafuna huku sosi imejitenga pembeni ya sahani. Chanzo chake ni kimoja: maji. Kuna maji ya nyama, maji ya kitunguu, maji ya sosi, na mvuke unaojifungia ndani ya mkate. Mpishi anayejua maji yaingie lini na yatoke lini anamaliza kazi kwa dakika 40 hivi, na chakula kinashikika mkononi hadi kipande cha mwisho. Nitaeleza hatua pamoja na sababu zake, kwa kuwa anayeijua sababu anaweza kubadilisha kiungo au sufuria bila kupotea.

Kwanza tuelewane tunapika nini. Hiki ni chakula cha Marekani: nyama ya ng'ombe ya kusaga iliyoiva kwenye sosi nzito ya nyanya, tamu na chachu kwa pamoja, ikawekwa ndani ya mkate laini wa baga. Huko Iowa kuna ndugu yake, nyama ya kusaga iliyopikwa bila sosi ya nyanya na kuliwa kwa haradali na achari ya matango. Ukiagiza sloppy joe kaskazini mwa New Jersey unaweza kuletewa kitu kingine kabisa: sandwichi baridi ya tabaka tatu za mkate, yenye vipande vyembamba vya nyama na saladi ya kabichi. Ile ya moto yenye nyanya ndiyo iliyoenea majumbani, na tangu 1969, chapa ya Hunt's ilipotoa sosi ya kopo ya Manwich, familia nyingi zimeizoea kwa ladha ya kopo hilo. Sina ugomvi na kopo. Ila ukitengeneza sosi mwenyewe, kiasi cha sukari, chumvi na uzito unakipanga wewe, na kazi inayoongezeka ni ndogo sana.

Vipimo vya mikate 6 ni hivi: nyama ya kusaga gramu 500, kitunguu maji kimoja cha wastani, kama gramu 150, nusu ya pilipili hoho ya kijani, punje 2 za kitunguu saumu, nyanya nzito ya kopo vijiko vikubwa 2, kechapu mililita 120, maji au supu isiyo na chumvi mililita 150, sosi ya Worcestershire kijiko kikubwa 1, siki vijiko vya chai 2, sukari ya kahawia vijiko vya chai 2, haradali ya kupaka kijiko cha chai 1, paprika kijiko cha chai 1, bizari nyembamba nusu kijiko cha chai, pilipili manga robo kijiko cha chai, na chumvi nusu kijiko cha chai ya kuanzia. Kijiko cha chai hapa ni mililita 5, kikubwa ni mililita 15. Tumia vijiko vya kupimia, kwa sababu vijiko vya mezani vinatofautiana sana, na tofauti hiyo inaonekana haraka kwenye siki na chumvi.

Nyama ndiyo inayoamua mengi, kwa hiyo usiichukue kwa kukisia. Inayofaa zaidi ina mafuta ya asilimia 15 hadi 20. Yenye mafuta asilimia 5 inauzwa kwa sifa ya afya, lakini kwenye chakula hiki inakauka upesi na kuacha ladha tupu. Ukilazimika kuitumia, anza na kijiko kikubwa kimoja na nusu cha mafuta ya kupikia na upunguze muda wa kukaanga. Ikizidi asilimia 20 hakuna hasara ya ladha, ila utamwaga mafuta mengi na nyama itakayobaki itakuwa pungufu kuliko ulivyopanga. Kwa hesabu ya jumla, nyama ya kusaga hupoteza karibu robo ya uzito wake jikoni, kwa hiyo gramu 500 mbichi zinabaki kama gramu 375. Ukijumlisha sosi na mboga, unapata kama gramu 120 kwa kila mkate.

Nyama iliyoganda iyeyushwe ndani ya friji usiku kucha. Iliyoyeyushwa juujuu huwa na barafu katikati, na barafu hiyo ikikutana na kikaango inamwaga maji wakati ule ule unapohitaji pakavu.

Kuna hatua moja ya hiari ambayo mimi siiachi nikiwa na nafasi. Changanya robo kijiko cha chai ya soda ya kuokea, ile inayoandikwa baking soda kwenye paketi, na kijiko kikubwa 1 cha maji, inyunyizie nyama, igeuze kwa mkono mwepesi, kisha iache dakika 15. Soda hupunguza asidi kwenye nyama, na protini zinashindwa kukazana sana zikipata moto. Nyama inabaki na maji yake ndani na inaiva laini. Asidi ikipungua, nyama pia inashika rangi ya kahawia haraka zaidi. Usizidishe hata kidogo, maana ikizidi inaacha ladha ya sabuni ambayo hakuna kiungo kinachoiondoa.

Chumvi ni kinyume chake: isichanganywe na nyama mbichi mapema. Chumvi ikikandwa ndani ya nyama ya kusaga huyeyusha baadhi ya protini, nazo zinaunganisha nyama kuwa kitu kimoja kinachodunda kama soseji. Kwa soseji ndicho kinachotakiwa. Hapa tunataka punje zinazoachana, kwa hiyo chumvi inyunyizwe juu ya nyama ikiwa tayari kwenye kikaango.

Sasa kukaanga, na hapa ndipo sloppy joe nyingi zinapokufa. Maji yanayochemka hayapandi zaidi ya nyuzi joto 100 hivi, wakati rangi ya kahawia na ladha ya nyama iliyokaangwa zinaanza kujengeka vizuri uso wa nyama ukifika karibu nyuzi 140. Maana yake ni kwamba nyama ikiwa bado inaogelea kwenye maji yake, inachemka tu: inageuka kijivu, inatoa povu, inakosa harufu. Kinachosababisha hali hiyo ni kikaango kidogo, moto mdogo, au mkono usiotulia unaokoroga kila sekunde.

Chukua kikaango kizito chenye upana wa sentimita 30, kipashe moto wa kati kuelekea mkali kwa dakika 2 hadi 3, tia kijiko cha chai cha mafuta. Weka nyama yote kama chapati moja nene, ikandamize kwa mwiko ienee, nyunyiza chumvi, kisha ondoa mkono. Usiiguse kwa dakika 4 hadi 5. Sikiliza: mwanzoni utasikia mlio mzito, wa majimaji, na mvuke mwingi utapanda, baadaye mvuke unapungua na mlio unageuka mkavu, wa kupasukapasuka. Mlio huo mkavu ndio habari kwamba maji ya chini yamekwisha na ukaangaji umeanza. Inua ukingo uangalie. Ukiona rangi ya kahawia iliyokolea, igeuze kwa vipande vikubwa, kisha ianze kuvunjwa.

Upande wa pili usiukaushe hivyo. Watu wengi wakishasikia kwamba rangi ndiyo ladha, wanakaanga kila punje hadi iwe kahawia pande zote, wanaishia na changarawe. Nusu ya nyama ikipata rangi inatosha kuipa sosi yote ladha. Nusu nyingine ibaki laini, iive kwa utulivu ndani ya sosi. Vunja kwa kiponda viazi hadi punje ziwe na ukubwa wa punje ya mahindi au pungufu kidogo. Mabonge makubwa yanadondoka kutoka kwenye mkate, na yaliyosagika kabisa yanageuza sosi kuwa uji.

Itoe nyama kwa kijiko chenye matundu, iweke kwenye bakuli. Bado ina wekundu mahali, kwa hiyo usiionje wala usiache mtoto achovye kidole. Nyama ya kusaga si kama kipande kizima: bakteria waliokuwa juu ya nyama husambazwa ndani yote wakati wa kusaga, ndiyo maana inatakiwa ifike nyuzi 71 katikati. Itafika huko kwenye sosi, hilo halina shaka. Mafuta yaliyobaki kikaangoni, bakiza kijiko kikubwa kimoja, mengine yamimine kwenye kopo tupu. Ukiyamwaga kwenye sinki yataganda ndani ya bomba.

Kule chini ya kikaango kumebaki ukoko wa kahawia. Huo ni mali, usioshe. Punguza moto uwe wa kati, tia kitunguu na pilipili hoho vilivyokatwa vipande vya nusu sentimita. Maji ya kitunguu yatabandua ukoko huo wenyewe ukiwa unasugua kwa mwiko. Vipe dakika 6 hadi 8, hadi kitunguu kiwe laini kabisa na kianze kugeuka dhahabu pembeni.

Usivunje mpangilio huu kwa kutia nyanya mapema. Mboga hushikiliwa na pektini, gundi yake ya asili, na asidi inaizuia pektini isilainike. Kitunguu kilichoingia kwenye nyanya na siki kikiwa bado kigumu kitakaa kigumu hata ukichemsha nusu saa. Utakipata kinalia kati ya meno huku nyama imeshakwisha utamu. Kilainike kwanza, ndipo asidi iingie.

Tia kitunguu saumu kilichopondwa, sekunde 30 tu, kikifuatiwa na paprika, bizari nyembamba na pilipili manga. Viungo hivi vina ladha zinazoyeyuka kwenye mafuta kuliko kwenye maji, kwa hiyo vikipitishwa kwenye mafuta kwa nusu dakika vinatoa harufu zaidi kuliko ambayo vingetoa vikimwagwa kwenye sosi. Lakini paprika inaungua upesi na kuwa chungu. Ukiona kikaango kimekauka, ongeza kijiko cha mafuta kabla ya kuitia. Kisha nyanya nzito ya kopo. Ikaange dakika 2 huku ukigeuza, hadi rangi nyekundu inayong'aa igeuke nyekundu ya matofali na mafuta yaanze kuchomoza pembeni. Hapo ladha ya kopo imekwisha.

Mimina maji au supu, sugua chini ya kikaango palipobaki kitu, halafu tia kechapu, sosi ya Worcestershire, haradali, na nusu ya siki na nusu ya sukari. Nusu nyingine zisubiri. Rudisha nyama pamoja na majimaji yaliyochuruzika kwenye bakuli. Ikichemka, shusha moto hadi mapovu yawe madogo na ya hapa na pale, usifunike, na upike dakika 15 hadi 20. Sosi hii ina sukari ya kutosha kushika chini na kuungua, hivyo pitisha mwiko chini kila baada ya dakika 2 au 3, hasa kuelekea mwisho. Mfuniko uache kabatini, kwa maana unarudisha mvuke ule ule tunaotaka uondoke.

Saa haitakuambia lini imeiva, mwiko utakuambia. Vuta mwiko katikati ya kikaango hadi chini ionekane. Njia ikijifunga papo hapo kwa maji, bado. Ikibaki wazi kwa sekunde 2 au 3 kisha sosi ikaanza kurudi taratibu, zima moto. Ikibaki wazi moja kwa moja bila kusogea, umepitiliza; ongeza vijiko vikubwa 2 vya maji ya moto ukoroge. Ukishazima, iache ipumzike dakika 5. Sosi inazidi kukaza inapopoa kidogo, kwa hiyo ile inayoonekana nzito sana juu ya moto itakuwa nzito kupita kiasi mezani.

Onja sasa, ndipo utie siki na sukari zilizobaki kidogo kidogo. Vipimo vya mwisho siwezi kumwekea mtu, kwa sababu kechapu zinatofautiana: nyingi zina karibu gramu 4 za sukari kwa kila kijiko kikubwa, na nyingine zimeongezwa siki kwa wingi. Ikizidi utamu, siki nusu kijiko cha chai kwa wakati mmoja. Ikizidi uchachu, watu hukimbilia sukari, matokeo yake ni sosi inayochosha baada ya vipande viwili. Afadhali chembe ya soda ya kuokea inayoshikika kwa vidole viwili, ambayo inapunguza asidi yenyewe. Ikizidi chumvi, hakuna ujanja wa kiazi utakaoinyonya. Ongeza nyanya za kusaga zisizo na chumvi au nyama zaidi, kisha ipungue tena. Ndiyo sababu tulianza na nusu kijiko tu: kechapu na Worcestershire zina chumvi yake, na maji yakipungua chumvi inabaki palepale na kukolea.

Kama wageni wako mlangoni na sosi bado ni nyepesi, koroga kijiko cha chai cha kornflawa kwenye kijiko kikubwa cha maji baridi, mimina, ichemke dakika moja. Inaokoa hali, lakini inaacha ung'avu na utelezi ambao sosi iliyopungua yenyewe haina.

Kuhusu mkate: uwe laini. Mkate wenye ganda gumu unapong'atwa unasukuma nyama yote itokee upande wa pili, na hapo lawama hupewa sosi bila kosa. Ukate katikati, paka siagi upande wa ndani, uweke kifudifudi kwenye kikaango kikavu cha moto wa kati kwa dakika 1 hadi 2, hadi uwe dhahabu. Siagi na ule uso uliokauka vinachelewesha sosi kupenya. Usiipange mikate moto mmoja juu ya mwingine wala usiifunike kwa kitambaa, kwa sababu mvuke wake wenyewe utaulainisha tena ule uso. Pakua nusu kikombe, kama mililita 120, kwa kila mkate, na upakue mtu akiwa ameshakaa. Sloppy joe iliyojazwa jikoni ikasubiri dakika 10 imekwisha kulowana hata kama ulifanya mengine yote sawasawa. Kwa familia yenye watoto wa umri tofauti, napendelea kikaango kiletwe mezani na kila mmoja ajaziwe kwa zamu. Vipande vya achari ya matango au kabichi mbichi iliyokatwa nyembamba vinakata utamu vizuri, ila vikaushwe kwanza, maana navyo vina maji.

Pilipili kali iwekwe pembeni kila mtu ajitilie. Ukibadilisha sukari kwa asali, kumbuka asali hapewi mtoto aliye chini ya mwaka mmoja. Na sosi ya Worcestershire kwa kawaida ina samaki wadogo aina ya anchovi, jambo la kuangalia kama mezani kuna mwenye mzio wa samaki.

Ukiongeza idadi ya walaji, usizidishe kila kitu kwa upofu. Nyama kilo 1 ikaangwe kwa awamu mbili, vinginevyo itachemka kwa maji yake. Viungo na kechapu zidisha mara mbili, lakini maji tia mara moja na nusu tu: mvuke unatoka kwenye uso wa chombo, na uso wa kikaango haujaongezeka kwa kuwa umeongeza nyama. Kwa jiko la umeme la kupika polepole, kaanga nyama na vitunguu kwanza kama ilivyoelezwa, kisha punguza maji hadi mililita 60 kwa kila gramu 500, kwa kuwa mfuniko wake hauruhusu kitu kutoka.

Nyama inaweza kupunguzwa bila mtu kulalamika. Theluthi moja ibadilishwe kwa kikombe kimoja cha adesi za kahawia zilizochemshwa na kuchujwa vizuri, au uyoga gramu 200 uliokatwa mdogo na kukaangwa peke yake hadi maji yake yakauke. Uyoga ukiingia mbichi unamwaga maji ndani ya sosi na unarudi mwanzo. Nyama ya kuku au bata mzinga ya kusaga inafaa pia, kwa kijiko kikubwa 1 cha mafuta na paprika kuongezwa nusu kijiko cha chai. Ila yenyewe inahitaji kufika nyuzi 74.

Kilichobaki kisikae nje zaidi ya saa 2. Kitandaze kwenye chombo kipana, kina kisichozidi sentimita 5, ili kipoe haraka, kisha kiingie friji, ambako kitakaa siku 3 hadi 4. Wengi, na mimi nikiwamo, huipenda zaidi siku ya pili, viungo vikishatulia. Kwenye friza inadumu miezi 3 bila kupoteza ladha ya maana, ikiwekwa kwenye mfuko uliobanwa hewa na kulazwa bapa. Bamba jembamba linayeyuka ndani ya friji kwa usiku mmoja. Mikate usiigandishe ikiwa imejazwa. Unapopasha, ongeza kijiko kikubwa kimoja au viwili vya maji, moto mdogo, koroga hadi ifike nyuzi 74, na umalizie kwa matone machache ya siki, kwa sababu uchachu ndio unaofifia kwanza.